Saa Kumi na Mbili, Tórshavn

Grafu ilikuwa imelala mchana kutwa
kama paka juu ya hita,
hadi saa kumi na mbili kamili jioni,
ambayo kule California ni saa nne asubuhi
na mtu fulani, kahawa mkononi,
amebonyeza kitufe.

Mstari ukasimama.
Haukupanda. Ulisimama wima,
kama mwanafunzi aliyeitwa jina akisinzia.

"Limetoka," akasema Hjalgrím, bila kugeuza shingo.
Toleo jipya. Gigabaiti sita na ushei
kwa kila simu, ya mfukoni, ya mezani,
iliyosahauliwa chini ya mto wa mtoto.

Sisi ni visiwa kumi na vinane.
Kondoo wametuzidi kwa idadi, na namshukuru Mungu
hawajaanza kununua simu.

Kinachoniudhi ni hiki: faili ni lile lile.
Lile lile, nukta kwa nukta,
linavuka bahari mara elfu ishirini,
kana kwamba mtaa mzima umetuma watoto
duka moja kununua chumvi,
na kila mtoto anaamini ni kwao tu ilikokwisha.

Tuna seva ya kuhifadhi nakala hapa hapa,
ilizimika Jumanne.
Kipuri kiko Copenhagen, ndani ya boksi,
kinasubiri sahihi ya mtu aliye likizo.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na moja, simu ya mezani.
Óluva, wa Sandvík, anahema.
Kondoo jike yuko chini, mguu mmoja umetoka,
kichwa cha mtoto kimerudi nyuma,
na daktari wa mifugo, aliyekuwa akimwelekeza kwa video,
ameganda.
"Ameganda mdomo wazi, kidole juu!
Hajaniambia nisukume au nivute."

Wengi wape, husema watu.
Husema hivyo wakiwa wengi.

Nikavuta kibodi.
Nikaukaba ule mkondo, nusu, kisha robo,
kisha kamba nyembamba ya kupitisha salamu tu.
"Watapiga," akasema Hjalgrím.
Wakapiga.
Bwana mmoja wa Klaksvík alikuwa amebakiza dakika mbili,
sasa anaambiwa saa tisa;
akaniuliza kama namjua yeye ni nani.
Nikamwambia la, bwana, ila nitaandika jina.
Nikaliandika. Lilikuwa refu.

Nilikuwa nimesoma maelezo ya toleo lenyewe:
kasoro zimerekebishwa, hazikutajwa zipi;
vijiuso vipya saba,
kimojawapo kitunguu kinacholia.

Simu ya Óluva sikuikata, wala yeye hakuikata.
Iliwekwa chini, nadhani kwenye nyasi kavu,
kwa hiyo nilisikia daktari akiyeyuka,
sauti kwanza, vipande vipande,
"su— su— sukuma! Sukuma kwanza, mama,
urudishe ndani, utafute kichwa, ndipo uvute!"
Halafu pumzi. Pumzi za watu wawili, au za mtu na mnyama.
Halafu kitu kama nguo mbichi ikitupwa sakafuni.
Halafu hakuna.
Mtu mwenye mikono ya namna ile
hawezi kuaga kwenye simu.

Saa nne usiku nikaulegeza mkondo.
Mstari ukapanda tena, taratibu safari hii,
ukakaa juu, mnene, hadi usiku wa manane,
visiwa vikinyonya chumvi yao ile ile.

Nilipovaa koti, mfuko ukatetemeka.
Yangu nayo ilikuwa foleni muda wote,
pale pale kwenye msumari nyuma ya mlango,
ikinywa ile robo niliyowabania wengine.
Simu yako iko tayari, ikasema.
Ungependa kuonyeshwa mambo mapya?

Chini ya swali hilo, picha kutoka Sandvík, bado inafunguka:
ukungu wa kijivu, nyasi,
sikio moja.
Hjalgrím aliuliza ninangoja nini mlangoni.
Nikamwambia anyamaze, la pili linakuja.