Kiti cha Chumba Namba Nne

Saa tisa usiku, Wałbrzych. Theluji inaingiwa na masizi
kabla haijafika chini.
Bogumił Rzepka, mwenzangu wa zamu miaka kumi na mmoja,
mtu wa vijiko vitano vya sukari na kulaumu kikombe,
amekaa upande wa meza usio wake.
Pingu nimemfunga mimi. Mikono ilijua kazi,
macho ndiyo yaliyokataa.

Alimng'ata mama wa duka la mikate.
Alipanda ukuta wa stesheni kwa kucha,
na kule juu akaanza kusoma, neno kwa neno, bila karatasi,
ungamo tulilolifungia kabatini
mwaka ule wa mafuriko.

"Jina?" nauliza, maana fomu inataka jina.
Ananitazama kwa upole wa mdai aliyekuja na risiti.
"Andika Rzepka. Ndiye mwenye nyumba.
Mimi mpangaji tu. Nilikuta mlango wazi."

Padri Ksawery amekuja na viatu vya bustani,
stola shingoni, chupa ya maji mfukoni mwa koti.
Anasoma Kilatini. Taa inapepesa.
Kalamu zangu zinabingirika zote kuelekea ukutani,
kama vile jengo limeinama lisikilize.
Toka, anasema padri.
Nitoke niende wapi, yajibu sauti,
na hapa nimeandikishwa?

Kisha inageuka, inakuwa ya kijana,
Leszek Wrona, mtunza taa wa mgodini,
kigugumizi kilekile:
"M-m-mimi sikuwepo, mkuu. M-muulizeni mama."

Hatukumuuliza mama.
Rzepka alishika nywele, mimi nilishika saa.
Alfajiri akatia sahihi.
Jumapili akajitundika kwa kamba ya viatu
ambayo orodha yangu ilisema tumeichukua.

Aliyepandwa na pepo huitwa kiti.
Nakitazama kiti.
Mguu mmoja mfupi: tuliukata wenyewe kwa msumeno,
kidogo tu, upana wa kidole,
ili anayehojiwa asipate kutulia.
Miaka yote hiyo
tulikuwa tunaandaa mahali pa kukaa.

Karibu na mapambazuko Rzepka anarudi, nusu dakika hivi,
mwenyewe kabisa, midomo imepasuka,
anaomba chai.
Padri amefunga kitabu. Hamtazami yeye, ananitazama mimi.
"Ni nani mwingine alikuwemo chumbani?"

Nje tramu haipiti; tramu ziliondolewa zamani,
lakini naisikia kengele.

Nafungua pingu. Namsaidia ainuke, mzito kama gunia la makaa.
Kiti kinabaki kinayumba
bila mtu.
Nakikalia.
Navuta fomu, nashuka hadi mstari wa chini kabisa,
ule wa shahidi, ambao hatukuwahi kuujaza.
Jina langu ni Mieczysław. Ni jina refu, lakini nimeliandika maisha yangu yote.
Naanza na herufi ya kwanza,
na kalamu inashikwa na kigugumizi:
m,
m,
m