Vipande

Kiwandani nalipwa kwa vipande.
Mkono wa fulana, kipande. Kola, kipande.
Vipande mia tatu kwa siku mgongo ukikubali,
mia mbili na themanini ukigoma.
Fulana zinakwenda nchi za baridi,
sisi wa Tiruppur tunabaki na vumbi la pamba kwenye nyusi,
mvi za kuazima.

Kwa hiyo Bwana Kumaravel alipofungua mkoba wake
akasema, "Mama, kwenye mfuko huu pia unanunua vipande,"
nilicheka hadi jirani akachungulia dirishani.

Akatandaza karatasi juu ya kitanda,
mifuko kumi na minne,
majina marefu kama ya kadi za harusi.
Huu ulipanda asilimia thelathini mwaka jana.
Huu una nyota tano.
Huu (akashusha sauti) si wa kila mtu.
Nikamuuliza swali ninalomuuliza muuza nyanya:
"Na wewe hapo unapata ngapi?"
Akainua kikombe cha kahawa,
akakuta alishakimaliza.

Mama mkwe, Pechiammal, alinyoosha mkono,
bangili zikagongana.
"Benki ni hii. Ukiitikisa inalia.
Hicho chenu kinalia?"
Hakukosea kitu. Ila mwaka wa mafuriko
bangili mbili zilikwenda duka la rehani,
ikarudi moja.

Elango alitaka kiwanja.
Kiwanja gani, nikamwambia,
cha kupanda bizari kwenye sufuria?

Usiku, wote wamelala,
nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo
nikaandika sakafuni:
Yazhini ana miaka mitatu, chuo ni miaka kumi na tano mbele.
Paa linalovuja, miaka mitano.
Magoti yangu, hayajasema lini.

Sare ya mtoto huikati kwa kipimo cha leo.
Unaikata kubwa, unakunja upindo ndani,
unashona kwa mkono, kwa uzi utakaofumuka bila ugomvi.
Hivyo ndivyo nilivyochagua, sina elimu nyingine.
Cha mbali nikakiweka kwenye hisa:
mfuko usio na nyota hata moja,
unaolifuata soko zima linakokwenda,
ada yake ndogo kuliko zote kumi na nne.
Cha paa nikakiweka kwenye hatifungani, pesa tulivu,
zinazokua kama kucha.
Elfu moja ya Yazhini, mia tatu za paa,
na magoti yakapewa mia mbili,
yasije yakasema yalisahauliwa.

Tarehe tano ya kila mwezi
zinaondoka kabla sijaziona.
Nisichokiona sikinunulii sari.

Mwaka wa nne soko likaanguka.
Nilifungua simu chooni, pekee penye komeo.
Elfu kumi na moja hazipo.
Nikazigeuza kuwa mikono ya fulana,
nikahesabu, nikaacha kuhesabu.
Kidole kilikuwa juu ya neno *Simamisha*.
Kisha nikamkumbuka tajiri wetu:
uzi ukishuka bei, halii,
anajaza ghala mpaka darini.
Tarehe tano ijayo, elfu ileile
itaniletea vipande vingi zaidi.
Nikaondoa kidole.
Nisijisifu: chaji nayo iliisha.

Pechiammal aligonga mlango.
"Umekufa humo?"
"Bado," nikasema.

Sasa Yazhini ana miaka saba na anajua kusoma.
Amesoma ile karatasi ya mwezi, midomo ikicheza.
"Amma, hivi vipande ni vyangu?"
"Vyako."
"Nitaendesha treni."
Nilikuwa nimeandika uhandisi. Kwa chaki, kwa bahati.
Sijui kama treni ina chuo, wala ada yake.
Mfuko haukuuliza.

Jioni hiyo nilifumua upindo wa sare yake,
kidole kimoja tu, vitatu vimebaki ndani.
Nikapiga pasi, nikanyunyiza maji, nikapiga tena.
Mstari wa zamani haukutoka.
Akaivaa hivyohivyo.