Mambo ya Kufanya Mwakirunge

Umeniuliza, Wekulo, Jumamosi nzima
mtu atafanya nini Mwakirunge.
Hakuna ufuo, hakuna ngome,
hakuna wa kukuuzia kofia ya ukindu.
Kuna vumbi na minazi
na, upepo ukigeuka, moshi wa jaa la taka.
Hata hivyo nenda.

Nenda mapema. Saa moja u nusu uwe umefika,
tembo la alfajiri bado halijajua kuwa ni tembo:
tamu, jeupe kama maji ya kuoshea mchele.
Saa nne huwa na maneno.
Saa tisa lina ngumi.

Ulizia kwa Mzee Mwaringa.
Usiseme baa, usiseme kilabu.
Sema mangweni, na watoto watakuonyesha kwa kidevu.

Utakuta gogo, utakalia gogo.
Mama Mbeyu atakupa kata na mrija
uliofungwa makumbi mdomoni, kuchuja nyuki,
maana nyuki nao ni wageni pale,
na wanafika kabla yako.
Usilisifu tembo lake kabla hajamaliza kumimina.
Unajua kwa nini.
Naye anajua kwamba unajua.

Matone mawili chini, kwa waliotangulia.
Kama umeokoka, jifanye mkono umetetemeka.

Kisha tazama juu.
Yule mwenye kotama kiunoni ni Nzai, binamu yangu.
Ananyoa ncha ya kole, kipande chembamba kama ukucha,
asubuhi, mchana, jioni,
hata ya mwezi mosi, hata ya msiba.
Kole linalogemwa halitoi kidaka wala dafu.
Nazi au tembo: utachagua kimoja,
na mnazi hautakukumbusha ulichokiacha.

Kula samaki wa kukaanga, pilipili iwe pembeni.
Lala kidogo mkekani, hakuna atakayekuamsha.
Cheza bao na Dama, mtoto wa miaka tisa;
atakufunga, mlipe shilingi zake.

Ukitaka kunyoosha miguu, zunguka nyuma ya nyumba.
Kando ya kisima upo mnazi mmoja peke yake.
Vidato vyake vimekaribiana:
vilichongwa na mtu mfupi
kwa kipimo cha paja lake mwenyewe.
Minazi mingine Nzai huruka kidato kimoja kimoja.
Huu hapandi. Usimwulize.

Wala usimwulize mzee kuhusu goti.
Atakuuliza yeye: Huyo mwenzako wa ofisini, anakula?
Mwambie anakula.

Jioni watakufungia lita tano za kuniletea.
Legeza kifuniko, tembo hupumua.
Usipolegeza litapasuka Kiembeni
na abiria wote watakujua kwa harufu.
Likinifikia litakuwa siki tayari.
Si neno. Mke wangu ataumulia vitumbua.

Lakini nihesabie vidato vya mnazi ule wa kisimani.
Vilikuwa thelathini na viwili.
Nilivihesabu nikiwa chini,
nikimngoja ashuke,
kisha sikungoja. Nilipaza sauti:
Baba, yule mtu wa ploti nimemkubalia.
Alikuwa kwenye cha kumi na tisa.

Ploti haikuuzwa. Mimi ndiye niliyehama.
Miaka sita, na Mwakirunge ni nauli ya soda mbili.

Mnazi hauachi kurefuka, Wekulo.
Anayeupanda sasa
lazima awe amechonga kidato kipya juu kabisa.
Simama shinani, ukinge jua kwa kiganja, uangalie.
Kama hakipo, niambie habari za samaki.
Kama kipo, usiniambie ni cha nani,
niambie tu kilivyo na kile cha chini yake,
kama vimekaribiana.