Barua Niliyokatazwa Kukuandikia

Tou Ger, jirani,
wakili wangu kanikataza kukusemesha.
Anasema kuanzia sasa wewe ni mdaiwa
na mimi ni mdai,
na ua wetu, uliokosa ubao mmoja tangu dhoruba ile,
ni mpaka wa nchi mbili zisizo na balozi.

Kwa hiyo sikuandikii.
Naandika tu, kwa mkono wa kushoto,
kwa kuwa wa kulia bado unajifunza kushika kijiko.

Nyuzi kumi na tisa. Vidole viwili havikunji.
Bili ya hospitali ilikuja na tarakimu tano;
niliisoma mara mbili nikidhani ni namba ya jalada.
Bima yangu ikasema: muulize mwenye mbwa.
Bima yako ikasema: hatulipi bila madai.
Ndipo nikajua, hapa Minnesota,
ili nilipwe na kampuni isiyowahi kunipa hata chai
sharti nimshitaki mtu aliyenipa ufunguo wa nyumba yake.

Sheria yenyewe si ndefu. Nimeisoma jikoni:
mbwa akimuuma mtu aliyetulia,
mahali alipo na haki ya kuwapo,
pasipo kuchokozwa,
mwenye mbwa atalipa.
Haiulizi kama aliwahi kuuma kabla.
Haiulizi kama ulimpenda.
Haina mstari hata mmoja wa supu uliyoniletea
wiki aliyozikwa Anders.

Wapo wasemao mkono mtupu haulambwi.
Wangu haukuwa mtupu, ulikuwa na soseji.

Na hapa ndipo penye mfupa.
Kesho nitauinua mkono huohuo, na bendeji yake, niape,
na wakili wa bima ataniuliza kwa sauti ya daktari wa meno:
Ulimgusa akila?
Neno moja tu atalivuta, kuchokoza,
kama avutaye uzi mmoja sweta zima lifumuke.

Dub alikuwa bakulini. Nilitokea upande wa jicho lenye ukungu.
Nilisahau kwamba amekuwa kiziwi.
Nikamwekea kiganja mgongoni, nikamwita jina,
ambalo uliniambia kwa lugha yenu ni Mweusi,
na mdomo wake ulishakuwa mweupe kuliko nywele zangu.
Je, upendo ukija kwa nyuma ni uchokozi?
Wakili wangu anasema: jibu ulichoulizwa, usiongeze.
Sijui kama naweza kutoongeza.

Alikaa chini baadaye, damu yangu ndevuni,
akanitazama kama aliyevunja kikombe cha mgeni.
Siku kumi za karantini. Kisha sikuuliza.
Bakuli lipo uani kwako, limefudikizwa.

Leo theluji imefika magotini.
Saa kumi na moja alfajiri nikasikia koleo.
Ulisafisha njia yako, ukapita penye ubao uliokosekana,
ukasafisha yangu, ngazi zote tatu,
ukamwaga chumvi,
wala hukuinua macho dirishani,
maana nawe una wakili.

Ungeteleza pale, Tou Ger,
mdaiwa ningekuwa mimi.
Nilisimama gizani nimeshika pazia kwa mkono wa kushoto
mpaka ulipoikanyaga ngazi ya mwisho.