Sifuri

Mama aliuza kiti nikiwa nimekikalia.
Nilikuwa na miaka sita, mkate mkononi.
Mteja akazunguka mara mbili kama anayekagua ng'ombe,
akapapasa mgongo (wa kiti, si wangu),
akauliza, "Mjozi huu?" Mama akajibu, "Mjozi, bwana,
kazi ya fundi mmoja wa Mechelen, vimebaki vinne tu."
Nikaambiwa: Fenna, hebu simama kidogo.
Kidogo hicho hakijaisha.

Chini duka, juu nyumba, ndivyo tulivyoishi Antwerp,
mtaa wa mawe na mvua isiyotaka kwenda kwao.
Ngazi haikujua mpaka. Kilichopanda Jumatatu
kilishuka Alhamisi kimefungwa karatasi ya bei.
Wiki mbili tulikula juu ya marumaru,
tukisogeza sahani polepole kama kete za dama,
kisha mwezi mzima juu ya kreti.
Kaka yangu Joost alijifunza kuandika kwenye dawati la kasisi;
alipofika herufi M, dawati likaenda Cologne.
Hadi leo mwandiko wake unainama kuanzia N.

Na alijua kazi, sitamnyima.
Aliingia sebule ya mtu, akanyamaza, akanusa,
akaihamisha taa moja hatua mbili kutoka ukutani,
na chumba kikashusha pumzi.
Mjane mmoja wa Berchem alimwandikia:
tangu uje, nimeweza tena kulala upande wa kushoto.
Sisi tulilala magodoroni, sakafuni.
Mfinyanzi hulia gaeni, walisema waliosema.
Kwetu hata gae lilipewa namba, likauzwa.

Baba alivumilia kabati, akavumilia saa ya ukutani,
akavumilia lile kochi la manjano alilokwisha kulizoea.
Siku ya kitanda alikunja shuka zake mwenyewe,
pembe kwa pembe, akatoka nazo.
Shuka hazikuwa na soko.

Nami nikakua mtu wa kusimama.
Nikialikwa kwa watu, sharti niambiwe mara mbili: karibu, kaa.

Mwaka huu goti limemshinda, Jumamosi nashika duka mimi.
Napaka nta ya nyuki, nawapangusa vumbi
viti ambavyo hakuna aliyewahi kuvichokea.
Nyuma ya mchoro mkubwa, wa buluu tupu, nikakiona:
kigoda. Miguu mitatu, rangi imebanduka,
ukingoni alama za meno. Yangu.
Nilikuwa nakipanda ili niufikie mfereji wa jikoni.
Nikakipindua. Chini, kwa kalamu ya risasi:
arobaini, imekatwa. Mia mbili, imekatwa.
Mia tisa. Elfu tatu. Kila bei na mwaka wake,
tarakimu zikizidi kutetemeka kadiri zinavyopanda.

"Mama, nani atakinunua hiki kwa elfu kumi na mbili?"
"Hayupo," akasema, macho kwenye daftari. "Ndiyo maana."

Saa tisa akaingia mwanamke wa Rotterdam, miwani myekundu,
akayapita makabati, akaipita shaba, akaupita mchoro,
akasimama mbele ya kigoda.
"Hiki kimeishi," akasema, akatoa kadi.
Hakuomba apunguziwe hata senti.
Ulimi wangu ukawa ubao.
Nikamtazama mama kwa macho ya mtoto mwenye mkate.

Akainuka. Akaja na fimbo yake, taratibu,
akavaa miwani, akakipindua kigoda,
akaisoma bei kana kwamba imeandikwa na jirani.
"Utuwie radhi, bibi," akasema. "Hapa pana kosa."
Akaichomoa kalamu nyuma ya sikio,
akaongeza sifuri.