Zoezi la Mlango

Jumanne, kipindi cha tano, Sudbury.
Nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ndani ukumbi unanuka soksi na maganda ya machungwa.
Jukwaa letu ni mikeka sita ya sarakasi
na mlango alioutengeneza Bwana Pelletier, fundi wa shule:
hauna ukuta,
una kitasa tu, na bawaba zinazolia.

Nawaambia: ingia kama mtu aliyesahau kitu.
Usiniambie ni kitu gani.

Wana miaka kumi na mitatu. Miguu imetangulia kukua,
pua zinafuata,
aibu imewapita wote kimo.
Aarne anaingia akijipiga paji la uso
kama anayeua mbu wa Julai.
Tunacheka. Anarudia, kwa kuwa tumecheka.
Mara ya tatu hacheki mtu,
na somo hilo halikutoka kwangu.
Harleen anapekua mifuko yake yote, kisha ya Aarne.

Halafu Noemi,
ambaye tangu Septemba nimemsikia akisema "nipo"
asubuhi, nikiita majina, basi.
Akafungua. Akasimama kizingitini,
akatazama mahali, nami nikageuka kupatazama:
palikuwa na ngazi tu, na mpira uliopungua upepo.
Akatoka,
akaurudisha mlango polepole
kama kuna mtoto amelala.

Tukangoja.
Dakika moja. Mbili. Saa ya ukutani ikasikika;
sikujua kama ina sauti.
Ya nne nikainuka kumfuata,
bawaba zikalia.
Kashika koti la mtu, kubwa, la kijivu,
kutoka lile sanduku la vilivyopotea, pale ofisini.
Akalivika kiti. Akalifunga vifungo,
kimoja kimoja, hadi shingoni.
Akaketi kando yake.

"Kwani ulisahau nini?" Aarne, kwa ile sauti yake
inayoanza baba na kuishia mtoto.

"Bado sijakumbuka."

Hakuna aliyepiga makofi. Kengele ililia, hawakukimbia.

Mcheza kwao hutuzwa.
Huku ugenini tuzo ni fomu yenye safu tatu:
Sauti, Mwendo, Kujiamini.
Kwenye Sauti niliandika tano,
nikafuta,
nikaandika tano.

Asubuhi Bwana Pelletier alikuja na kikopo cha mafuta
ya kunyamazisha bawaba.
Nikamshika mkono.