Ukifika Halifax, Machano

Usianzie makumbusho; yatakungoja.
Anza saa sita mchana, chini ya kilima cha ngome:
mzinga utalia mara moja tu,
shakwe watatawanyika. Hesabu mwangwi.
Mimi huishia wa tatu.

Kisha panda feri ya Dartmouth.
Usikae dirishani na wapiga picha, kaa karibu na injini:
ina noti moja, nzito,
niliyoiitikia kimoyomoyo miaka miwili
nikienda kuosha sahani za watu.

Jumapili kuna kanisa la mbao, mtaa wa kaskazini.
Bi Verlene, themanini na moja, haimbi tena.
Hupiga kofi,
na kwaya nzima hufuata kiganja chake.

Fidla? Kila baa. Ila tazama miguu:
Murdo hucheza nyuzi kwa mkono,
wimbo wenyewe uko kisiginoni.

Usiku wa ukungu, zima simu, twende gatini.
Honi moja huuliza,
ya pili hukawia kujibu.
Katika kimya kile cha katikati
ndimo ninamokaa.

Lete koti zito.
Na udi wako ulegeze nyuzi kabla ya safari;
baridi ya huku hukata.